Sake ni ya tano duniani kwa radi, lakini siku ya sayansi iko Kinshasa

Sake ni ya tano duniani. Siyo kwa mpira, siyo kwa muziki, wala kwa viazi vinavyoteremka kila siku kutoka milima ya Masisi. Ni kwa radi. Mwaka 2016 wanasayansi wa hali ya hewa walichapisha Marekani orodha ya mahali panapopigwa zaidi na radi duniani, baada ya kuhesabu kwa setelaiti mimweko ya miaka 16. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela. Ya pili ni Kabare, ya tatu ni Kampene kule Maniema, na ya tano ni Sake, yenye mimweko karibu 143 kwa mwaka juu ya kila kilomita moja ya mraba. Butembo nayo imo katika kumi za kwanza. Maana yake, anga linalofunika paa za Masisi, Walikale na majirani zao ni kati ya yale yanayopiga radi kupita mahali pengine karibu pote ulimwenguni.

Orodha hiyo imeandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na maprofesa. Ni prefe gani wa shule ya Sake, Mushaki ao Nyabiondo aliyeiona imebandikwa kwenye ukuta wa darasa? Ni mama gani wa Walikale aliyeelezwa kwamba mawingu ya kwao yanajulikana dunia nzima?

Badala yake, mvua ikianza na radi ikaua ng'ombe juu ya kilima ao mtoto njiani kutoka shuleni, maelezo yanayopatikana haraka ni moja tu: kuna mtu aliyeituma. Kesho yake anatafutwa mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea, ao jirani mwenye ugomvi wa shamba. Mtu wa kwanza anakufa kwa radi, wa pili anakufa kwa maelezo.

Na aliyepigwa radi mara nyingi anaachwa chini, watu wakisimama mbali kwa woga wa kumgusa, eti moto bado uko ndani yake. Hakuna moto ndani yake. Mwili wa mtu hautunzi umeme. Anaweza kuguswa palepale, na kama moyo umesimama, kumkandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka kunaweza kumrudisha. Mambo hayo yanaweza kuonyeshwa kwa dakika kumi, mbele ya soko, kwa mwanasesere wa matambara. Hayaonyeshwi.

Wakubwa wa elimu watajibu kwamba Kongo ina siku za sayansi. Ni kweli, na sifa itolewe panapostahili. Tangu 2014 kuna Juma la Sayansi na Teknolojia, lililoanzishwa Kinshasa na shirika Investing In People la Bi. Raïssa Malu, mwanafizikia, ambaye tangu 2024 ni waziri wa elimu ya taifa. Wanafunzi wanaingia, wanagusa vyombo, wanauliza maswali, wanaona mwanasayansi ni mtu wa kawaida anayecheka. Ni kazi nzuri. Lakini limezaliwa Kinshasa, na uzito wake umebaki katika miji mikubwa. Kutoka Kinshasa mpaka Masisi ni zaidi ya kilomita 1500 kwa njia ya ndege, na mtoto wa Pinga hana ndege. Sasa kwa kuwa mwenye wazo hilo ameshika wizara nzima, swali ni halali kuulizwa mbele ya watu: siku ya sayansi ya Masisi iko lini? Ya Walikale iko lini?

Asiseme mtu kwamba sayansi haihusu milima hii. Sayansi inakuja huku kila mwaka, ila inakuja kuchukua.

Inachukua jiwe. Rubaya, katika teritwari ya Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali yote ya dunia, ile inayotoka ndani ya koltani na kutengeneza vile vidude vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Bisie, katika teritwari ya Walikale, inatoa kasiterite, ambayo ni mama wa stani, na mgodi wake wa kisasa peke yake unahesabiwa kutoa karibu asilimia 6 ya stani ya dunia. Kabla ya mashine, vijana walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kupita msituni mpaka Njingala, na ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami karibu na Kilambo kuyapokea. Wazee wa Walikale wanakumbuka vizuri. Walijua uzito wa lile jiwe kuliko mtu yeyote. Hakuna aliyewaonyesha linafanya kazi gani.

Jina lenyewe la tantali ni kama mtu alilitunga akiitazama Rubaya. Mwaka 1802 mkemia Msweden, Anders Ekeberg, aliona kwamba ukitumbukiza oksaidi ya madini hii ndani ya asidi, hainywi hata kidogo. Akaipa jina la Tantalus, mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa kusimama ndani ya maji mpaka kidevu na asiweze kunywa. Mchimbaji wa Rubaya ambaye hana umeme wa kuchaji simu yake mwenyewe angeielewa hadithi hiyo kuliko profesa. Hajahadithiwa.

Inachukua pia damu. Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa katika sehemu hizi za mashariki. Ugonjwa ulifika hata Pinga, Walikale, Agosti 2019. Katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa walikubali kushiriki katika jaribio la dawa nne, na mbili kati ya hizo zilionekana kuokoa watu. Mojawapo ilitengenezwa kutokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995, na kazi hiyo ina mkono wa Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 2020 Marekani ilikubali rasmi dawa zote mbili. Hiyo ni sayansi kubwa, iliyofanyika ndani ya Kivu Kaskazini, na watu wa Kivu Kaskazini. Lakini muulize mtu yeyote sokoni habari za Ebola atakachokumbuka. Atakumbuka magari meupe, thermometa ya kipaji cha uso, maziko bila familia, na uvumi wa biashara. Ushindi ulikuwa wao pia, na hawakualikwa kuushangilia.

Hapo ndipo kosa la ule unaoitwa uhamasishaji. Uhamasishaji unakuja na megafoni baada ya hatari kufika. Unasema: naweni mikono, musiguse, musiende, hameni. Ni amri, hata ikiwa ni amri nzuri. Mtu aliyezoea amri za wenye bunduki hawezi kutofautisha haraka amri ya kumwokoa na amri ya kumnyang'anya. Siku ya sayansi inafanya kinyume: inakuja wakati wa utulivu, inaonyesha, inamwacha mtu ajaribu kwa mikono yake na kubisha. Anayeruhusiwa kubisha ndiye anayeamini kesho.

Mfano ulio karibu zaidi ni mazuku.

Wakimbizi wa ndani waliopita Bulengo, Lushagala na pande za Lac Vert wanalijua neno hilo. Kampi zile ziliwekwa juu ya lava ya zamani ya Nyiragongo na Nyamulagira, kati ya Goma na Sake, mahali ambapo gesi inatoka ndani ya ardhi kwa nyufa. Mtu alilala na mbuzi wake ndani ya bonde dogo, asubuhi mbuzi amekufa bila kidonda. Mtoto aliteremka kuokota kuni, hakupanda tena. Kisha maneno ya shetani, ya mizimu, ya jirani.

Mazuku ni hewa ya kaboni, ileile inayopanda katika chupa ya soda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Kwa hiyo inatiririka kama maji, inajaa mashimo na mabonde, inakaa chini usiku na asubuhi mapema kabla ya upepo na jua kuitawanya. Haina rangi, na pua haiwezi kuigundua. Anayetembea kwa miguu anaweza kupita salama na mtoto anayemshika mkono akaanguka, kwa sababu pua ya mtoto iko chini zaidi. Na anayeteremka haraka kumwokoa aliyeanguka mara nyingi anaanguka juu yake. Gesi hiyohiyo ilitoka kwa ghafla katika ziwa Nyos, Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ikaua watu zaidi ya 1,700. Ndani ya ziwa Kivu imelala karibu kilomita za ujazo 300 za gesi hiyo, pamoja na karibu 60 za methani.

Kuyaonyesha haya kunahitaji nini? Beseni moja. Bikabonati ya kupikia. Malimau ya soko. Mishumaa mitatu ya urefu tofauti. Mwalimu anaweka mishumaa inayowaka ndani ya beseni, anamwaga maji ya limau juu ya bikabonati katika kikombe kikubwa, anangoja povu lipungue, kisha anainamisha kikombe taratibu kana kwamba anamwaga maji, lakini hakuna maji yanayotoka. Mshumaa mfupi unazimika kwanza. Halafu wa katikati. Mrefu unabaki unawaka. Baada ya hapo hakuna anayehitaji hotuba. Kila mama aliyekuwa na hema ndani ya shimo la lava ataelewa mwenyewe kwa nini mtoto wake wa mwisho ndiye aliyeumwa kichwa. Mwalimu atabakiwa na jambo moja tu la kusema kwa nguvu: mshumaa si kipimo cha kuteremka nacho bondeni, kwa sababu pale unapozimika mtu tayari yuko hatarini.

Goma kuna Kituo cha Kuchunguza Volkano, OVG, kilichoundwa mwaka 1986. Wataalamu wake wanajua mazuku kuliko watu wengi duniani. Hata neno lenyewe limeingia katika maandiko ya wanasayansi wa kigeni bila kutafsiriwa. Wanaandika mazuku, kwa herufi zilezile. Kijiji kilitoa neno, maabara ikalichukua, na majibu hayajarudi kijijini. Mwezi Februari 2025 kampi zilipovunjwa na familia kuambiwa zirudi makwao kwa siku chache, watu walitembea na mashitingi mgongoni kupita Sake. Walikuwa wamekaa miaka ao miezi juu ya gesi, kando ya kituo kinachoijua. Ilikuwa nafasi ya kufundisha maelfu ya watu waliokuwa pamoja mahali pamoja. Imepotea.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zisikilizwe.

Ya kwanza inasema: mwenye njaa hali sayansi, mupe unga kwanza. Inasikika kama huruma. Lakini hebu itazamwe familia iliyohama kutoka Kitchanga ao Kirolirwe. Jioni ya kwanza lazima iamue kibanda kijengwe juu ya mteremko gani. Maji ya mto yachotwe juu ao chini ya choo. Dawa ya klorini iwe matone mangapi kwa bidoni ya lita 20. Moto uwekwe ndani ya shitingi ao nje, makala yakiwa yanatoa moshi usioonekana. Profesa wa mjini akikosea hesabu anasahihisha kwa kifutio. Familia hii ikikosea inazika. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani saa 6, ao siku mbili kama kuna mawingu mengi, inaua vijidudu vingi vya kuharisha. Hakuna bei katika jambo hilo isipokuwa kulijua. Kumnyima mwenye njaa maarifa kwa sababu ana njaa ni kumnyima mara mbili.

Ya pili inasema: hakuna usalama. Ni kweli. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23. Walikale-centre iliingiwa Machi 2025 na kuachwa mwanzoni mwa Aprili, na hata mgodi wa Bisie ulifunga kazi kwa majuma kadhaa. Lakini katika vita hivi vyote soko halikufa. Makanisa hayakufa. Mpira wa miguu unachezwa kwenye viwanja ambavyo juma lililopita vilipitiwa na askari. Kama mama anaweza kutembea saa 4 na kuku mbili begani kwenda sokoni, mwalimu wa fizikia anaweza kupeleka beseni hapohapo. Sharti liwe moja: siku hiyo isiwe na bendera ya upande wowote wala sare, na asiruhusiwe kiongozi yeyote kupanda juu ya meza kueleza kwamba radi ni mafanikio ya utawala wake. Hotuba za saa 3 kabla ya kazi kuanza zimeua mikutano mingi kuliko mvua.

Ya tatu ni lugha. Wanasema sayansi ni Kifaransa. Siyo. Stani inayeyuka kwa digrii 232, na haiulizi anayeiyeyusha anasema nini. Fundi wa radio wa soko la Masisi anaiyeyusha kila siku kwa chuma kilichopashwa juu ya mbabula, akiunganisha nyaya, na hajui kwamba ile risasi inayong'aa inaweza kuwa ilizaliwa Bisie. Mchongaji wa chukudu anajua msuguano, nguzo na uzito kuliko kitabu. Anachagua mti wa mkaratusi, anazungushia tairi ya zamani kwenye gurudumu la mbao, anaweka kipande cha mpira kuwa breki, na kijana anateremka milima ya Masisi na magunia ya viazi bila kufa. Goma imemjengea chukudu sanamu, lakini mchongaji mwenyewe hajawahi kuketishwa kwenye meza moja na mhandisi. Mtengenezaji wa jibini la Masisi, yeye anagandisha maziwa kila asubuhi; hiyo ni kemia. Siku ya sayansi iwaweke hao mbele, waseme kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga ao Kitembo, na wasomi wa UNIGOM na ULPGL wasimame kando yao kueleza sababu. Pande zote mbili zitajifunza, na hapana shaka wasomi zaidi.

Kuna hoja ya nne ambayo haisemwi kwa sauti. Ni ile ya perdiemu. Mikutano ya huku imezoeshwa vibaya: mtu anakuja kwa sababu ya pesa ya usafiri, fulana yenye jina la mfadhili, na chupa ya soda. Mfadhili akiondoka, jambo linakufa. Basi neno bure liwe na maana pande zote. Anayekuja kutazama asilipe kitu, na asilipwe kitu. Aje kama anavyokuja kutazama mpira. Ikiwa maonyesho hayavutii, watu wataondoka, na waandaaji watajua kwamba wamefanya kazi mbaya. Hakuna ripoti ya mfadhili inayosema ukweli kama uwanja ulio mtupu.

Bure ina historia yake. Mwaka 1812 kule London, mteja mmoja wa karakana ya kujalidi vitabu alimpa kijana wa kazi tiketi za bure za kusikiliza mihadhara minne ya mkemia Humphry Davy. Kijana huyo alikuwa mtoto wa mhunzi, na shule alikuwa ameipata kidogo sana. Aliitwa Michael Faraday. Mwaka 1831 alionyesha jinsi sumaku inayotembea ndani ya nyaya inavyozaa umeme, na kila turbini inayozunguka leo chini ya maporomoko ya mto, hata yale madogo ya milimani, inafanya kazi kwa njia hiyo. Davy naye, mwaka 1815, alitengeneza taa ya kuwalinda wachimbaji wa makaa ya mawe dhidi ya gesi inayolipuka mashimoni. Mhadhara wa wazi mjini na shimo la mchimbaji vilikuwa kazi ya mtu mmoja. Hapa kwetu Kongo, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi aliweka tangu 2013 maroboti ya kuongoza magari katika barabara za Kinshasa. Msichana wa Nyabiondo anastahili kumwona mtu kama yeye akishika bisibisi, si kwenye picha.

Turudi kwenye mashimo, maana hapo ndipo watu wanakufa wengi. Rubaya imezika wachimbaji mara nyingi, hasa majira ya mvua. Nje ya migodi pia milima inaanguka: Aprili 2023 huko Bolowa, Masisi, udongo uliwafunika wanawake na watoto wapatao 20 waliokuwa wakifua kwenye kijito, mwezi uliofuata, jirani kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilipoteza watu zaidi ya 400 kwa usiku mmoja. Kila mara inasemwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu asisingiziwe haraka. Mwaga mchanga mkavu juu ya meza: unasimama wenyewe kama kilima, na mteremko wake haupiti sana digrii 30 na kitu. Ukijaribu kuuinua zaidi, unateremka. Ulowanishe kidogo, unasimama wima, unadanganya kwamba uko imara. Uongezee maji, unaanguka wote kwa mara moja. Mchimbaji wa miaka 17 akiona hilo kwenye meza atafahamu kwamba ukuta wa shimo uliosimama vizuri jana, baada ya mvua ndogo, ndio wa kukimbiwa leo baada ya mvua kubwa. Labda bado ataingia, maana ana deni na ana mtoto. Lakini ataingia akijua, na atakuwa na neno la kumwambia mwenye shimo.

Pesa? Zipo, na sheria imezitaja. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya ushuru wa uchimbaji iende kwa sekta ao sheferi ambamo mgodi upo, asilimia 25 kwa provensi, na kampuni yenye mgodi itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Kwa Bisie hiyo inahusu sekta ya Wanianga. Wahandisi nao wapo, wanalala na kuamka ndani ya uzio wa mgodi, kilomita chache kutoka shule ambazo hazina hata sumaku ya kufundishia. Siku moja kwa mwaka nje ya uzio, na mfano wa mashine na vipande vya mwamba, haitapunguza uzalishaji. Kwa upande wa Masisi, mahali ambapo kila mwenye silaha anajua bei ya koltani kwa kilo, hakuna mtu wa kupelekewa ombi kama hilo kwa uhakika. Huko kazi itabaki kwa walimu, mapadri, wachungaji, wauguzi na redio za jamii, mpaka hali ibadilike.

Redio hizo zisidharauliwe. Kuhesabu umbali wa radi kunaweza kufundishwa hewani bila chombo chochote. Ukiona mmweko, anza kuhesabu sekunde. Ngurumo ikifika, gawanya kwa tatu: umepata kilomita. Sekunde 9 ni kilomita 3. Ukihesabu chini ya 30, uko tayari ndani ya hatari: toka shambani, toka chini ya mti, toka mtoni, ingia ndani ya nyumba imara ao gari lenye paa la chuma. Kibanda cha shitingi hakikingi radi, na kundi la watoto lisisimame limekumbatiana, watawanyike. Watoto wakihesabu pamoja kwa sauti, siku mbili tu, watawafundisha wazazi wao.

Kinachoombwa basi si jengo la makumbusho. Ni siku moja ya soko kwa kila teritwari ili kuanza, Masisi-centre na Walikale-centre, na meza tano: radi, mazuku, mteremko, maji, na jiwe. Idara ya elimu ya kila teritwari iteue walimu wawili wa fizikia na wawili wa kemia. OVG itume mtu mmoja na ramani moja. Shirika la raia litafute uwanja, na kuhakikisha kwamba familia zilizohama na zile zilizozipokea zimeitwa sawasawa, bila orodha na bila jetoni. Makadirio ya malimau, mishumaa, bikabonati na mchanga hayafikii bei ya fulana za mkutano mmoja wa hoteli Goma.

Mwaka wa shule unafunguliwa Septemba, na mvua kubwa zinaanza karibu siku hizohizo. Shule nyingi za milimani zimejengwa juu ya vilele, chini ya mabati, bila hata waya mmoja wa kuteremsha radi ardhini, ingawa Benjamin Franklin aliueleza tangu karne ya 18. Tarehe ya siku ya kwanza inapaswa kutangazwa kabla ya hapo, na kwa redio, siyo kwa barua.